KAMBA KUUKUU NI ADUI WA MPANDAJI
Vyombo vya kupandia miti katika nchi ya chai: kipi kitengenezwe, kipi kitupwe

Msafiri ashikaye barabara ya Kericho kwenda Bomet kwa kupitia Litein na Kapkatet, huona mambo mawili yanayofuatana njia nzima. La kwanza ni chai, iliyokatwa sawasawa hata mtu adhani ni zulia lililotandikwa juu ya vilima. La pili ni mikaratusi, mirefu na myembamba, iliyosimama safu safu nyuma ya chai. Vitu hivi viwili havikukutana kwa bahati. Jani la chai likiisha kuchumwa halina budi kunyaushwa na kukaushwa kiwandani, na katika viwanda vingi vya nchi hiyo moto wa kazi hiyo hutoka katika kuni za mikaratusi.

Miti mingi huangushwa kutoka chini, na kazi huisha. Lakini iko miti isiyoweza kuangushwa hivyo: mkaratusi ulioinamia paa la mabati, mukima uliosimama katikati ya chai, au mti mkubwa ulio karibu na darasa la shule. Miti ya namna hiyo lazima ipandwe, ikatwe matawi kwanza, kisha shina literemshwe vipande vipande. Hapo ndipo huitwa kijana hodari wa kupanda. Huja na msumeno, kamba begani na mkanda kiunoni. Watu hutazama msumeno kama una makali. Ni wachache watazamao kamba.

Yafaa ifahamike kwamba mtu akianguka kutoka mita 5, hufika chini kwa muda wa sekunde 1, naye huwa anakwenda mwendo wa karibu kilomita 36 kwa saa. Akianguka kutoka mita 20, ambazo kwa mkaratusi uliokomaa si nyingi, hufika kwa sekunde 2 tu, kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, yaani mwendo wa motokaa barabarani. Hakuna mkono uwezao kushika tawi katika muda huo. Watu husema, "Ajali haina kinga." Maneno haya ni kweli kwa radi na kwa tetemeko la nchi. Lakini kamba iliyooza ikikatika, hiyo si ajali. Ni hesabu iliyotimia.

TANGU NGOZI HATA NAIRONI

Kupanda miti si jambo geni katika sehemu hizo. Wakipsigis na Waogiek wa Msitu wa Mau walitundika mizinga ya asali juu ya miti mirefu tangu zamani za wazee wao. Baadaye zikaja kamba za katani. Mmea wa mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, ukaenea Kenya pia, na kamba zake zikawa za kila kazi, tangu kufunga ndama hata kupandia miti.

Mwaka 1938 dunia ilitangaziwa naironi, na mwaka 1941 wataalamu wawili wa Uingereza, Whinfield na Dickson, walivumbua uzi wa poliesta. Nyuzi hizi haziozi kwa maji kama katani, na nguvu zake ni kubwa zaidi. Basi kamba na mikanda ya wapandaji wa siku hizi hufumwa kwa nyuzi hizo. Lakini wengi wamedanganyika, wakadhani ya kuwa kitu kisichooza hakifi. Hufa, ila kifo chake ni cha kimya.

MAMBO YANAYOKULA KAMBA

Adui wa kwanza wa kamba ya katani ni maji. Kericho hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Kenya, na kamba ikikunjwa ikiwa mbichi na kutupwa ghalani, huoza ndani ingali nzuri nje.

Adui wa naironi na poliesta ni wengine. Wa kwanza ni jua. Mashamba ya chai yako juu sana, kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari, na jua la huko huunguza nyuzi hata siku isipokuwa na joto. Kamba iliyosahauliwa juu ya paa miezi mingi hubadilika rangi, hukauka, na nguvu zake hupungua. Wa pili ni msuguano. Kamba ikipita kwa kasi juu ya gome au juu ya kamba nyingine hupata moto, na nyuzi hizi huyeyuka. Mahali hapo hung'aa na kuwa pagumu. Wa tatu ni mchanga na vumbi, ambavyo huingia kati ya nyuzi na kuzikata kidogo kidogo kama tupa.

Wa nne, naye ni mbaya kuliko wote, ni maji makali ya betri. Katika nyumba nyingi ghala ni moja tu: humo mna betri ya gari, mbolea, dawa ya magugu, petroli ya msumeno, na juu ya vyote imetupwa kamba. Tone la maji ya betri laweza kuharibu naironi wala jicho lisione alama yoyote. Kwa hiyo kamba iliyolala karibu na betri iliyovuja isipimwe wala isibishaniwe, itupwe.

KUKAGUA KABLA YA KUPANDA

Mpandaji mwenye akili huikagua kamba yake kila siku kabla ya mguu kuondoka ardhini. Huipitisha yote mikononi, shubiri kwa shubiri, bila glavu, kwa maana vidole huona mambo ambayo macho hayaoni. Hutafuta uzi uliokatika, uvimbe, mahali palipokonda, mahali palipokauka na kung'aa, na rangi iliyogeuka. Ikiwa ni ya katani, huifungua kidogo mahali mahali atazame ndani: akiona unga au weusi, au akisikia harufu ya kuoza, kazi ya kamba hiyo imekwisha.

Kisha hushika mkanda na kuukunja, upande wa ndani utokeze nje, ili mipasuko iliyojificha ukingoni ijifungue. Hutazama mishono yote. Mikanda mingi hushonwa kwa uzi wa rangi iliyo mbali na rangi ya mkanda, makusudi uzi ukikatika uonekane upesi. Bizimu nazo hutazamwa kama hazikupinda wala kupata ufa.

Mwisho ni kulabu za chuma. Mlango wa kulabu sharti ujifunge wenyewe kila uachiliwapo. Ukikwama, kulabu ioshwe kwa maji ya vuguvugu, ikaushwe, itiwe mafuta kidogo. Ukikwama tena, au kamba ikiwa imechimba mfereo katika chuma, kulabu hiyo haifai.

KIPI KITENGENEZWE, KIPI KITUPWE

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mazungumzo ya namna hii si mageni mashambani. Mwenye shamba husema, "Kijana wangu, mkanda huu umeachia uzi kidogo tu. Upeleke kwa fundi viatu sokoni aushone." Kijana naye, kwa kumheshimu mzee na kwa kuuhitaji ujira wa siku, hujibu, "Sawa, mzee." Fundi hushona, na mshono hupendeza macho kuliko ule wa kwanza.

Fundi viatu hana kosa. Kazi yake ni viatu. Lakini sindano yake nene hutoboa mkanda na kukata nyuzi zile zile zinazobeba uzito, na uzi wake haukukusudiwa kushika mtu aangukaye. Mshono wa kiwandani hupangwa kwa hesabu na kujaribiwa kwa mashine. Mshono wa sokoni utajaribiwa mara ya kwanza siku mtu atakapoteleza.

Basi kanuni yenyewe ni hii. Mkanda uliopasuka au kufumuka haushonwi, hubadilishwa. Kamba iliyokatika katikati haifungwi fundo ikapandiwa tena, kwa sababu fundo lenyewe hupunguza nguvu za kamba kwa theluthi moja au hata zaidi. Kulabu yenye ufa haichomelewi. Kamba iliyowahi kumdaka mtu aliyeanguka kwa kishindo hustaafishwa siku hiyo hiyo, hata ikionekana nzima. Na kamba iliyovuta gari, iliyofunga ng'ombe au iliyoteremsha magogo haipandiwi kamwe.

Viko hata hivyo vitu vitengenezwavyo bila hatari. Kamba iliyochakaa karibu na ncha yake tu yaweza kukatwa sehemu hiyo mbovu; itakuwa fupi, lakini itakuwa salama, mradi sehemu iliyobaki imekaguliwa. Miiba ya chuma ifungwayo miguuni yaweza kunolewa kwa tupa, na kanda zake kubadilishwa. Lakini mtu asiitumie miiba hiyo kwenye mti unaopogolewa ili uendelee kuishi, kwani kila tundu ni mlango wa maradhi. Ni ya miti inayokwenda kuangushwa tu.

Viwanda vingi hutangaza kwamba mikanda na kamba zake zisitumiwe zaidi ya miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama zilikaa sandukuni. Huo ni mpaka wa mwisho. Anayepanda kila siku aweza kumaliza kamba katika mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo ni vema kuandika katika daftari siku kila chombo kiliponunuliwa, siku kilipokaguliwa, na jambo lililoonekana. Aidha, mara moja kwa mwaka angalau, vyombo vyote vitazamwe na mtu mwingine mwenye ujuzi, kwa kuwa jicho la mwenye kamba huizoea kamba yake.

Kilichokataliwa kikatwe vipande vifupi siku ile ile. Mkanda mbovu ukitupwa mzima jalalani, mtu mwingine ataukuta, ataushukuru, na ataupandia.

NANI ALIPE?

Wapandaji wengi huajiriwa kwa siku, nao huja na kamba zao wenyewe. Mwenye shamba hudhani ya kuwa kamba si yake, basi hatari pia si yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haisemi hivyo. Humtaka mwenye mahali pa kazi aangalie usalama wa watu wafanyao kazi hapo, na mfanyakazi naye humtaka avae vyombo vya kinga na kutoa habari aonapo hatari. Mwaka huo huo ilitungwa sheria nyingine, ya mafao ya wanaoumia kazini, ambayo humfanya mwajiri awajibike kwa fidia.

Gharama ya kamba si ndogo kwa mtu mmoja. Lakini majirani watano au sita wenye mikaratusi, au wanachama wa chama kimoja cha akiba, waweza kununua kwa pamoja kamba mbili, mikanda miwili na kofia ngumu mbili, wakaviweka mahali pakavu, penye giza, mbali na betri na panya. Ni mbili kwa sababu mtu asipande peke yake. Mpandaji akizimia huku ananing'inia katika mkanda wake, dakika chache zaweza kumwua. Lazima awepo chini mtu mwenye chombo chake na ajuaye kumteremsha.

Wahenga walinena, "Mchagua jembe si mkulima." Katika kazi ya shamba neno hilo ni kweli. Juu ya mti mambo hugeuka, kwani mchagua kamba ndiye mpandaji. Kijana aambiwapo apande na mkanda ulioshonwa sokoni, si utovu wa adabu kujibu, "Mzee, mti utangoja mpaka upatikane mkanda mwingine." Na mzee mwenye busara, akikumbuka kwamba kijana huyo naye ana mama amtazamiaye jioni, atakubali kungoja.