Nta Isiyong'ang'ania Kalibu

Sura ya 16 ya Qur'ani Tukufu imeitwa An-Nahl, yaani Nyuki. Basi kwa nini masega tuletewayo pamoja na asali ya Kitui na Makueni tuyatupe baada ya kuyakamua? Hiyo ni israfu, na nta ni riziki.

Akina mama, iyeyusheni katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwani huwaka. Watoto wakae mbali. Ichujeni kwa kitambaa. Kabla ya kumimina, pakeni kalibu maji ya sabuni, utando mwembamba tu. Kisha ngojeni ipoe kabisa: nta hunywea ipoapo, ikajitenga na kalibu yenyewe. Mwenye pupa huitoa vipande. Mwenye subira huitoa nzima.