SANDUKU LA UMEME MEZANI: VOLTI NI KIDOGO, HATARI SI KIDOGO



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya vumbi, kofia na viatu vya kazi. Leo tunakaribia meza ya fundi. Vijana wengi wa Kadutu, Bagira na Ibanda wanatengeneza radio na simu, na baba zao wakitoka kazini wanashughulika na batri na taa. Kwenye meza nyingi za namna hiyo utaona sanduku la umeme, ambalo mafundi wetu wanaliita kwa Kifaransa alimentation. Ni chombo kizuri, lakini anayekitumia lazima akifahamu.

Sanduku hilo linafanya kazi gani?

Linapokea kuran ya SNEL, volti 220, na kuigeuza kuwa umeme wa mkondo mnyoofu, kama ule wa batri. Lile la kawaida linatoa kuanzia volti 0 hadi 30, na amperi 3 au 5. Mbele lina vifungo viwili vya kuzungusha: kimoja cha volti, kimoja cha amperi. Lina pia vichwa vya kufungia waya, chekundu cha chanya na cheusi cha hasi. Mara nyingi kipo na cha tatu, cha kijani, kilichounganishwa na ardhi.

Watu wanadanganyika hapa. Wanagusa vichwa vya mbele kwa mkono mkavu, hawasikii kitu, wanasema: "Sanduku hili halina ubaya." Kumbe ubaya uko nyuma na ndani. Umeme wa Bukavu unatoka mto Ruzizi, kwenye mtambo wa kwanza uliojengwa miaka ya 1950 na wa pili ulioanza mwaka 1989. Nguvu ile ile inayozungusha mashine za viwanda ndiyo inayoingia kwa waya wa nyuma wa sanduku lako.

Mwili unasemaje?

Kinachoua ni umeme unaopita mwilini, nao tunaupima kwa miliamperi, yaani sehemu ya elfu ya amperi. Miliamperi 1 hivi, mtu anasikia kama anatekenywa. Zikifika 10 na zaidi, misuli ya mkono inakaza na mtu anaweza kushindwa kuachia waya. Kuanzia 50 hadi 100 zikipita kifuani, moyo unaweza kutetemeka ovyo na kuacha kusukuma damu.

Ngozi kavu inazuia umeme. Ngozi yenye jasho au maji haizuii sana: mwili unaweza kubaki na omu 1,000 tu. Piga hesabu: volti 220 ukigawa kwa 1,000 unapata miliamperi 220. Hizo zinatosha kuua. Kwa hiyo mtu aliyetoka kuoga, au aliyerudi na mvua, asiguse meza hiyo kabla hajajikausha.

Namna ya kuliweka

1. Chagua meza kavu ya mbao, mbali na dirisha linaloingiza mvua na mbali na ndoo ya maji. Chini ya miguu weka ubao mkavu au mkeka wa mpira. Usilifunike kwa kitambaa, maana matundu yake ni ya kupitisha hewa na kutoa joto.

2. Plagi yenye mguu wa tatu usiikate mguu huo. Ule ni wa waya wa ardhi, wa rangi ya kijani na njano. Waya wa ndani ukigusa bati la sanduku, umeme unashuka ardhini na fyuzi inakatika, badala ya kupita mwilini mwako. Nyumba isiyo na waya wa ardhi, mwite fundi umeme auweke, pamoja na kikatio cha miliamperi 30.

3. Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kipimo kile kile. Usifunge kipande cha waya. Fyuzi ni mlinzi. Ukimfunga macho, moto utaingia.

4. Usifungue sanduku kama hukufundishwa. Hata likichomolewa, kapasita za ndani zinaweza kubaki na umeme kwa muda.

Namna ya kulitumia

Kwanza, vua pete, saa na mkufu. Kisha rudisha vifungo vyote kwenye sifuri, na uwashe bila kufunga kitu chochote mbele. Pandisha volti mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye chombo unachotengeneza. Radio ya mawe manne inataka volti 6. Ukiipa 12 unaweza kuiunguza.

Pili, weka mpaka wa amperi. Teremsha volti hadi 2 au 3, gusanisha waya mwekundu na mweusi, kisha zungusha kifungo cha amperi mpaka kipimo unachotaka. Kwa radio ndogo unaweza kuanza na 0.2. Tenganisha waya na urudishe volti mahali pake. Jihadhari: jambo hili linafanywa tu kwa sanduku lenye kifungo cha kuzuia amperi. Usilifanye kwa batri hata siku moja, wala kwa tundu la ukutani.

Tatu, zima. Funga nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, ndipo uwashe. Tazama kipimo cha amperi. Kikiruka mara moja hadi mpaka uliouweka, huenda chombo kina waya zilizogusana ndani. Zima utafute ugonjwa wake. Usiongeze amperi kwa hasira.

Nne, kazi ikiisha, zima, ondoa waya za mbele, kisha chomoa plagi. Delestaji ikikuta unafanya kazi, fanya vivyo hivyo. Kuran ikirudi inaweza kuja na nguvu kupita kiasi, tena itakukuta umesahau na mikono iko ndani ya chombo.

Usiunganishe masanduku mawili moja nyuma ya lingine ili upate volti nyingi. Mawili ya volti 30 yanafika 60, na hapo hata upande wa mbele si wa kuchezea.

Maneno machache juu ya batri

Batri ya gari ya volti 12 haitakupiga kwa mkono mkavu, lakini inaweza kutoa mamia ya amperi. Pete au spana ikigusa vichwa vyote viwili, chuma kinakuwa chekundu na kidole kinaungua mpaka mfupa. Ikijazwa inatoa hewa inayolipuka, kwa hiyo ijazwe mahali penye upepo, bila sigara wala mshumaa. Batri ya lithiamu ya kawaida, jiwe moja, isipite volti 4.2. Iliyovimba usiijaze tena.

Taa ya shimoni ya kampuni usiijaze nyumbani. Irudishe chumba cha taa, kwenye chaja yake. Ikizimika chini ya ardhi kwa sababu ya kujazwa vibaya, wewe na wenzako mtabaki gizani.

Mtu akipigwa na umeme

Usimshike! Kata umeme kwenye swichi kubwa kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na msukume mbali na waya kwa mti mkavu. Usimmwagie maji, usimfukie udongoni, usimnyweshe maziwa.

Kama hajibu na hapumui vizuri, tuma mtu aite dispansari, na wewe anza mara moja. Mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayejua kupuliza pumzi, apulize mara 2 baada ya kila mikandamizo 30. Msiache mpaka msaada ufike, mkichoka, pokezaneni.

Palipoungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, baada ya umeme kukatwa. Mafuta ya mawese na dawa ya meno si dawa ya moto. Hata akisimama na kusema "nimepona", mlete dispansari: alama ndogo kwenye ngozi inaweza kuficha jeraha kubwa ndani, na moyo unaweza kwenda vibaya baadaye.

Mama wa nyumba, jioni hii mwulize kila mtoto: swichi kubwa ya umeme iko wapi? Asiyejua, mwonyeshe. Na wewe fundi, usifanye kazi hiyo peke yako usiku. Awepo mtu karibu anayejua kukata umeme. Fundi hodari ni yule anayemaliza kazi yake na kurudi kula pamoja na watoto wake.