Je, Mtu ni Kumbukumbu Zake?

Mwaka 1990 ilitolewa nchini Marekani filamu iitwayo Total Recall, iliyoongozwa na Mholanzi Paul Verhoeven. Kisa chake kilitokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Kimarekani Philip K. Dick, iliyochapishwa mwaka 1966. Katika filamu hiyo, mfanyakazi wa ujenzi aitwaye Douglas Quaid ana shauku kubwa ya kufika kwenye sayari ya Mirihi. Kwa kuwa safari yenyewe haikumwezekania, anakwenda kwenye kampuni iuzayo kumbukumbu. Huko mteja huketishwa kitini, akatiwa ubongoni kumbukumbu ya safari asiyoifanya, kisha akaondoka akiamini kwamba aliifanya. Kabla kazi haijakamilika, mafundi wanagundua kwamba kumbukumbu za zamani za Quaid zilikwisha kufutwa. Baadaye anaambiwa kwamba yeye hasa ni Hauser, msaidizi wa mtawala dhalimu wa Mirihi, na kwamba hata ndoa yake ni ya kubuniwa.

Watazamaji wengi huikumbuka filamu hii kwa mapigano yake. Hata hivyo, ndani yake mna maswali mawili yanayostahili kufikiriwa. La kwanza ni la sayansi: je, mtu aweza kutiwa kumbukumbu ya jambo lisilotokea? La pili ni la falsafa: kumbukumbu za mtu zikibadilishwa, je, yeye hubaki yule yule?

Kumbukumbu si mkanda

Filamu inaichukulia kumbukumbu kana kwamba ni mkanda wa kunasia sauti, ambao waweza kufutwa na kurekodiwa upya. Ubongo haufanyi kazi namna hiyo. Binadamu ana seli za neva zipatazo bilioni 86 ubongoni mwake, na seli hizo zimeungana kwa viungio vingi mno. Mtu anapojifunza jambo, baadhi ya viungio hivyo huimarika na vingine hudhoofika. Kumbukumbu ya tukio moja, yaani sura, sauti, harufu na hofu yake, hutawanyika katika sehemu mbalimbali za ubongo.

Sehemu iitwayo hipokampasi ni muhimu sana katika kuziunganisha. Jambo hilo lilidhihirika baada ya mwaka 1953, wakati Mmarekani Henry Molaison, mwenye umri wa miaka 27, alipofanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio ya maisha yake.

Aidha, kumbukumbu iliyokwisha kuwekwa haibaki imara daima. Mwaka 2000, Karim Nader na wenzake walieleza majaribio yao juu ya panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani. Panya waliposikizwa tena mlio huo, kisha wakatiwa katika sehemu ya ubongo ihusikayo na hofu dawa izuiayo utengenezaji wa protini, hofu yao ilipungua. Dawa ilipotiwa bila kwanza kuiamsha kumbukumbu, haikuwa na athari hiyo. Basi kumbukumbu ikiamshwa huweza kulegea kwa muda, mfano wa chungu kibichi kinachorudishiwa maji. Na kilicholegea chaweza kufinyangwa upya.

Kumbukumbu za uongo

Mwaka 2013, watafiti wa maabara ya Susumu Tonegawa, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, walikwenda mbali zaidi. Walimweka panya katika kisanduku cha kwanza, asidhurike, huku seli za hipokampasi zilizofanya kazi wakati huo zikiwekewa protini inayoamshwa na mwanga. Kisha walimhamishia kisanduku cha pili, wakaziamsha seli zile zile kwa mwanga huku wakimpiga miguuni kwa umeme. Aliporudishwa katika kisanduku cha kwanza, panya aliganda kwa hofu, ingawa humo hakuwahi kupata madhara yoyote.

Kwa binadamu, mashine haihitajiki; maneno yatosha. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Hamsini waliulizwa mwendo wa magari yalipo“gongana”, hamsini wengine yalipo“pondana”, na waliobaki hawakuulizwa juu ya mwendo. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo hivyo havikuwamo katika filamu. Walakini 16 wa kundi la “pondana” walisema waliviona, kulinganisha na 7 wa “gongana” na 6 wa kundi la tatu.

Nafsi na kumbukumbu

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alifundisha katika karne ya 17 kwamba mtu ni yule yule kadiri ufahamu wake unavyoyafikia matendo yake ya zamani. Kwa kipimo hicho, Quaid na Hauser ni watu wawili katika mwili mmoja. Hata hivyo, Molaison alilijua jina lake na utoto wake, na kwa mazoezi alijifunza kuchora kwa kutazama kioo, ingawa hakukumbuka kwamba alikwisha kufanya mazoezi hayo. Ni vigumu kusema kwamba hakuwa mtu yule yule. Yaonekana nafsi hujengwa pia na tabia, ujuzi, mwili, na watu wanaotujua.

Filamu yenyewe inatoa jibu lake. Quaid anapotakiwa arudishiwe nafsi ya Hauser, anakataa, akachagua kuwa yule aliyekwisha kuwa kwa matendo yake.

Suala hili halihusu sinema peke yake. Shahidi aliye mahakamani aweza kuapa kwa moyo safi, na bado akakosea, kwa sababu swali aliloulizwa kwanza liliibadili kumbukumbu yake. Na kwa kosa hilo mtu asiye na hatia aweza kufungwa. Kwa hiyo aulizaye hana budi kuchagua maneno yake kwa uangalifu, na akumbukaye hana budi kutafuta ushahidi mwingine kabla ya kumhukumu mwenziwe.