Kishoka Hana Alama Usoni

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari za mtu anayebisha hodi saa nne asubuhi, wakati baba yuko kazini, mama yuko sokoni, na waliobaki nyumbani ni binti wa kazi na watoto wawili. Mtu huyo amevaa kizibao cha rangi ya kung'aa, shingoni amening'iniza kitambulisho, mkononi ana koleo na daftari. Anasema, "Nimetoka shirika la umeme, nataka kukagua mita." Je, huyo ni nani?

Jibu la kweli ni kwamba hujui. Nami naongeza kwamba huwezi kujua kwa kumtazama. Hapa Dar es Salaam tunalo neno letu kwa mtu anayejifanya mfanyakazi wa shirika: tunamwita kishoka. Neno hilo limeenea kiasi kwamba hata TANESCO hulitumia inapowaonya wateja wake. Lakini kishoka hana alama usoni. Kizibao hushonwa na fundi cherehani yeyote, na kitambulisho huchapwa katika kibanda chochote chenye kompyuta. Vitu hivyo vina kasoro moja: vyote vimetoka mkononi mwa mgeni mwenyewe. Ushahidi wa kuaminika ni ule unaoutafuta wewe, mahali ambapo yeye hakukuelekeza.

Kwa hiyo akikwambia, "Piga namba hii iliyo kwenye kitambulisho changu," mshukuru, lakini usiipige hiyo. Chukua namba iliyochapwa kwenye ankara yako ya zamani, au ile uliyoinakili siku ulipokwenda mwenyewe ofisini kwao. Uliza mambo matatu: je, mnaye mfanyakazi wa jina hili na namba hii ya kazi? Mmemtuma mtaa huu leo? Amekuja kufanya nini? Wakati unauliza, mgeni asubiri nje ya mlango. Mwenye kazi ya kweli hapotezi kitu kwa kusubiri dakika kumi. Anayekasirika na kukuharakisha, huyo ndiye wa kutiliwa shaka.

Jambo la pili ni kuijua kazi yenyewe. Kwenye mita ya LUKU unalipa kabla ya kutumia, na mita yenyewe hupunguza uniti. Hakuna haja ya mtu kuja kila mwezi kusoma ili akuandalie ankara. Mfanyakazi wa umeme anaweza kuja kukagua au kubadilisha mita, lakini hilo lina sababu, na ofisi yake inaijua. Msomaji wa mita ya maji ya kawaida ndiye mwenye ziara za mara kwa mara, naye shida yake ni mita tu, ambayo aghalabu iko uani au karibu na geti. Sasa anayesema anataka kuona chumbani, anasoma mita gani huko?

Mwaka 2024 ulitupa somo zuri. Tokeni za LUKU, kama zile za mita za namna hiyo katika nchi nyingi duniani, zilikuwa zikibeba alama ya muda iliyohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Hesabu hiyo ilikuwa inafikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo isingeboreshwa isingepokea tena tokeni mpya. Habari kama hiyo ni mtaji kwa kishoka, maana nani anataka kulala gizani? Lakini kazi yenyewe ilikuwaje? Mteja alinunua umeme kama kawaida, akapokea mafungu matatu ya tarakimu 20, akaingiza la kwanza, la pili, kisha la tatu lenye umeme wake. Basi. Hapakuwa na ada, na kwa wateja wengi hapakuwa na haja ya fundi kukanyaga baraza. Aliyeyajua hayo alikuwa na jibu kwa yeyote aliyebisha hodi akidai hela ya kuboresha mita.

Hapo tunafika kwenye silaha kubwa ya kishoka, nayo ni hofu. Atatazama mita, atatikisa kichwa, kisha atasema kwa sauti ya huruma, "Mzee, mita hii imechezewa. Faini yake ni kubwa. Lakini tunaweza kumalizana hapa hapa." Mwananchi, hata asiyechezea chochote, moyo unamwenda mbio, anaingiza mkono mfukoni. Anadhani amenunua msamaha, kumbe amemlipa mtu asiye na mamlaka ya kumsamehe wala ya kumshtaki. Kesho atarudi, maana ameshajua nyumba ile inatoa. Malipo halali yana kumbukumbu namba, yanapita benki au kwenye simu, yanaingia kwenye akaunti ya shirika na yanaacha risiti. Hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Na kama anayetaka mumalizane ni mfanyakazi halisi, hiyo ni rushwa, na TAKUKURU ipo kwa ajili hiyo.

Kwenye nyumba za kupanga, nazo nimekaa miaka mingi, mambo ni magumu zaidi. Mita iko ukumbini, wapangaji ni sita, na fundi akiingia kila mmoja hudhani ameitwa na mwenzake. Kila mtu anasalimia, hakuna anayeuliza. Wapangaji wakubaliane jambo dogo tu: fundi haguswi mita mpaka ijulikane ameitwa na nani, na mwenye nyumba amepewa habari. Au, kwa usahihi zaidi, mita haiguswi na fundi asiye na mwenyewe.

Lakini, ndugu msikilizaji, linalonisumbua zaidi ni yule binti wa kazi. Ulinzi wa nyumba nzima tumemwachia mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote. Tumemfundisha kumwamkia kila mkubwa, kutobishana, kutomwacha mgeni amesimama nje. Halafu siku redio na televisheni zikiondoka, tunamuuliza, "Kwa nini ulimfungulia?" Tulimpa lini ruhusa ya kukataa? Mwambie leo, mbele ya watoto wasikie: asiyetajwa asubuhi hafunguliwi, hata avae nini. Mfundishe maneno ya kusema: "Samahani kaka, mwenye nyumba hayupo, nimeambiwa nisifungue. Acha jina na namba yako ya kazi, utapigiwa." Na fundi wa kweli akigeuzwa siku hiyo, msimgombeze binti. Mkimgombeza, siku ya kishoka atafungua.

Wako watakaosema huo si ustaarabu wetu, kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. La hasha. Anayekuja kukagua mita hakuja kututembelea, amekuja kazini, na kazi ina utaratibu. Katika sensa ya Agosti 2022 makarani walikuwa na vitambulisho, na bado viongozi wa mitaa waliwasindikiza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeona kwamba karani ametukanwa. Nanyi mkiwa na shaka, mwiteni mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa asimame nanyi mlangoni.

Tahadhari kabla ya athari. Jioni hii, kabla ya kula, itafute ankara ya zamani, nakili ile namba ya ofisi kwa herufi kubwa, uibandike nyuma ya mlango mahali ambapo binti anaiona.

Tukutane tena juma lijalo.