Je, Wajua? Moshi wa Ziwani na Mluzi wa Kifuani

Je, wajua kwamba ule “moshi” unaosimama juu ya Ziwa Victoria kama nguzo, hata mgeni akadhani kuna meli inaungua, mara nyingi ni vijidudu? Hutoka majini kwa mamilioni, hupaa pamoja, na upepo ukigeukia nchi kavu huingia hadi vyumbani. Haviumi wala havinyonyi damu, na huishi siku chache tu. Lakini mwenye pumu akivivuta puani, kifua kinaweza kumbana.

Je, wajua kwamba baadhi ya vijidudu hivyo vina damu nyekundu? Mabuu yao hukaa kwenye tope la chini, ambako oksijeni ni haba, na himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, huwasaidia kuikamata hiyo kidogo iliyopo. Kando ya Mto Nile nchini Sudan, ambako kijidudu cha ukoo huohuo huitwa nimitti, watafiti waligundua kwamba himoglobini hiyo ndiyo inayoamsha mzio. Huko Ulaya nako iliwabana vifua watu waliolisha samaki wa mapambo mabuu yaliyokaushwa. Kinachompa mdudu pumzi matopeni ndicho kinachomnyima binadamu pumzi hewani.

Je, wajua kwamba mdudu aliyekufa anaweza kusumbua kuliko aliye hai? Tazama chini ya taa ya barazani asubuhi: wamelala rundo, weusi, kama majani ya chai yaliyochujwa. Wakikauka huvunjika kuwa unga. Ukipitisha ufagio, unga huo unapanda moja kwa moja puani. Nyunyiza maji kwanza ndipo ufagie, na mwenye pumu akae mbali.

Je, wajua kwamba pumu hutesa zaidi wakati wa kutoa pumzi kuliko kuivuta? Njia za hewa huvimba, misuli yake hukaza, na hewa ikijilazimisha kutoka hupiga mluzi. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja bila kutweta, au mluzi ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, msisubiri kukuche: mpelekeni hospitali.

Je, wajua kwamba samaki naye anaweza kuleta mzio bila kuliwa? Kwenye viwanda vya kuchakata samaki, mvuke na matone madogo ya maji hubeba protini za samaki. Mfanyakazi anaweza kuzivuta kwa miezi au miaka bila tatizo, kisha mwili ukaanza kuzikataa. Dalili ya kuangalia ni kifua kinachobana siku za kazi na kufunguka siku za mapumziko.

Je, wajua kwamba kando ya Ziwa Nyasa vijidudu kama vile vya Ziwa Victoria hukamatwa, hupondwa na kukandwa kuwa mkate uitwao kungu? David Livingstone aliandika habari zake katika karne ya 19.

Je, wajua kwamba vijidudu hivi hufuata mwezi? Aina kadhaa za Ziwa Victoria hutoka kwa wingi siku za karibu na mwezi mwandamo. Hizo ndizo siku za giza, ambapo wavuvi wa dagaa huingia ziwani, kwa kuwa mbalamwezi huishinda nguvu taa yao. Basi mvuvi wa dagaa na jirani yake mwenye pumu wanahesabu mwezi mmoja: giza likiingia, mmoja anawasha taa ya mtumbwini, mwingine anazima ya barazani.