Tsaritsa: Asili ya Cheo na Mwisho Wake

Katika maandishi mengi ya nje malkia wa Urusi huitwa "tsarina". Yafaa ieleweke kwamba neno hilo lilitungwa katika lugha za Ulaya ya Magharibi. Warusi wenyewe husema "tsaritsa". Tumeona vema kulieleza jambo hili, kwani cheo huonyesha pia jinsi jamii inavyomhesabu mwanamke.

Asili yake ni Rumi. Jina la Julius Caesar liligeuzwa na watawala waliomfuata kuwa cheo chao. Waarabu wakasema Qaysar, nasi Waswahili tukasema Kaisari. Wajerumani wakasema Kaiser. Na Waslavi wakalifupisha, likawa "tsar". Mwaka 1547 Ivan wa Nne alitawazwa mjini Moscow, akiwa mtawala wa kwanza wa Urusi kuvikwa taji kwa cheo hicho. Mwaka huo huo alimwoa Anastasia Romanovna, naye akawa tsaritsa.

Tuyatazame maneno yenyewe. "Tsaritsa" ni mke wa tsar. "Tsarevna" ni binti yake. Kwa hiyo cheo kilitangaza kwanza kwamba mwanamke huyu ni wa nani. Katika karne ya 17 wanawake wa jumba la kifalme walitawishwa katika vyumba vyao, vilivyoitwa "terem", wasionekane na watu. Tsarevna Sofia alilivunja pazia hilo, akashika hatamu za nchi tangu 1682 hadi 1689 kwa niaba ya ndugu zake wadogo. Peter alipopata nguvu alimwondoa, akamfungia katika nyumba ya watawa.

Peter huyo huyo alijitwalia cheo cha "imperator" mwaka 1721, na tangu hapo cheo rasmi cha malkia kikawa "imperatritsa". Baina ya 1725 na 1796 wanawake wanne walitawala kwa mamlaka yao wenyewe: Catherine wa Kwanza, Anna, Elizabeth na Catherine wa Pili. Huyu wa mwisho, Mjerumani kwa kuzaliwa, alimpindua mumewe mwaka 1762, akatawala miaka 34.

Je, mwanamke mkulima alipata nini? Hakupata kitu. Yeye na mumewe walibaki watwana wa makabaila, na uasi ulioongozwa na Pugachev kati ya 1773 na 1775 ulizimwa kwa damu. Utwana haukufutwa hadi 1861. Hata wanawake wa ukoo wa kifalme hawakusalimika: mwaka 1797 Paul, mwana wa Catherine, alitoa sheria iliyowaweka nyuma ya wanaume wote wa ukoo. Hakuna mwanamke aliyetawala tena Urusi baada ya hapo.

Tarehe 8 Machi, 1917, wanawake wafanyakazi wa viwanda vya nguo mjini Petrograd waliacha kazi, wakaingia barabarani kudai mkate. Wafanyakazi wengine wakawaunga mkono, kisha askari. Wiki moja baadaye Nicholas wa Pili alijiuzulu, na Alexandra, mkewe, akawa wa mwisho kukitumia cheo kile.

Ndugu wasomaji, wanawake wale hawakuwa na cheo chochote. Kumpandisha mwanamke mmoja kitini si kuwapa wanawake haki yao, na wenye dhamana ya kuongoza hawana budi kulizingatia hilo.