Maji Yakizidi, Heroe Hukosa Kiota

Sisi wakulima wa Kitui na Makueni huomba mvua kila mwaka. Lakini twajua pia kwamba mvua ikija yote kwa siku moja huvunja matuta, ikachukua mbegu na udongo pamoja. Yuko ndege mwenye shida kama yetu. Jina lake ni heroe, na wengi humwita flamingo.

Heroe wadogo huonekana kwa wingi katika maziwa ya Bogoria na Nakuru. Huko huenda kula. Lakini karibu wote wa Afrika Mashariki huzaliwa mahali pamoja tu, yaani ziwa Natron, katika Tanzania karibu na mpaka wa Kenya. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa Kenya, aligundua viota vyao huko. Alijaribu kuvifikia kwa miguu, na magadi yakamchoma vibaya hata akalazwa hospitali.

Heroe hujenga kichuguu cha matope, akataga yai moja tu juu yake. Baba na mama hulalia kwa zamu karibu siku 28. Ziwa likikauka mno, fisi na mbweha hufika kwenye viota. Maji yakipanda mno, kichuguu huyeyuka na yai hupotea. Heroe ataka maji ya kiasi.

Mwisho wa mwaka 1961 mvua kubwa sana ilinyesha baada ya ukame. Natron likafurika, na mwaka 1962 heroe wakaenda kuzaa katika ziwa Magadi, Kenya. Huko magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga kama pingu. Watu waliingia ziwani, wakavunja pingu hizo, wakaokoa maelfu.

Tangu mwaka 2010 hivi, maji ya Nakuru, Bogoria na Baringo yamepanda sana. Sababu kubwa ni mvua kuzidi. Maji matamu yakiingia kwa wingi katika ziwa la magadi, mimea midogo sana ambayo ndiyo chakula cha heroe hupungua. Natron nalo hupata maji kutoka mto Ewaso Ng'iro Kusini, unaoanzia milima ya Mau. Miti ikikatwa huko juu, maji hukimbia na kubeba udongo mpaka ziwani.

Maji ya mashamba yetu hayaendi Natron. Huenda Athi na Tana, kisha baharini. Lakini kazi ni ile ile. Hatuwezi kuizuia mvua, ila twaweza kuyazuia maji yasikimbie. Kabla ya mvua, tembelea matuta yako ya fanya juu. Ziba palipobomoka, panda majani ukingoni, wala usikate miti ya kando ya mto. Maji yakitembea polepole, udongo hubaki shambani kwako, na aliye chini, akiwa mtu au ndege, hapati hasara.